Chafya ya Jua

Baba yangu alikuwa mwendesha redio, na kwa maneno yake mwenyewe alikuwa mtu pekee katika mkoa mzima wa Mara aliyewahi kulisikia jua likipiga chafya.

Kazi hiyo aliifanya miaka mingi kwenye kituo kimoja kidogo cha porini, upande wa wilaya ya Serengeti, mahali ambapo simu ya mkononi ni tochi na saa tu. Ukitaka mtandao unapanda kilima, nusu saa kwa mtu mwenye magoti mazima. Kituo kiliishi kwa redio ya upepo: moja kubwa ilikaa mezani, nyingine ilifungwa ndani ya gari. Baba alikaa na ile ya mezani. Aliita, aliitikiwa, aliandika kwenye kitabu cha kazi nani kasema nini na saa ngapi. Kati ya mwito mmoja na mwingine hakuwa na la kufanya ila kusikiliza upepo wenyewe, ule mvumo unaotoka redioni wakati hakuna anayesema. Mtu akiusikiliza miaka ishirini huanza kuujua kama mfugaji anavyokijua kikohozi cha ng'ombe wake.

Alituambia chafya inakuja hivi. Ni mchana, jua liko juu, na mvumo wa redio unaanza kuvimba wenyewe. Unapanda, unapanda, kama mvua inayopiga mabati ya jirani kabla haijafika kwako, halafu unapita. Dakika moja, mbili. Wakati mwingine hakifuati kitu, na hiyo aliiita chafya kavu. Lakini wakati mwingine, chafya ikishapita, stesheni zinaanza kufifia moja baada ya nyingine hadi redio inanyamaza kabisa, hata mvumo wake unakuwa mdogo. Hiyo ilikuwa chafya yenye mafua. Ikitokea, baba alitazama dirishani akasema, pole, mura. Mura ni kijana, na ukifika Tarime utaitwa hivyo kabla hujashuka kwenye bodaboda. Sijamjua mtu mwingine aliyeliita jua mura.

Bibi yangu, mama yake baba, alikuwa anatoka nje kila asubuhi kulitemea jua mate kidogo, mate ya baraka, akiliomba liwachomozee vizuri watoto wake. Kwetu watu wamesema na jua tangu zamani. Baba ndiye wa kwanza kulisikiliza.

Mimi ni mtoto wake wa kwanza, na ni mwalimu wa fizikia Tarime mjini. Aliniita mwalimu tangu nikiwa darasa la tatu, kwa sababu nilikuwa nawasahihisha watu wazima. Nilipofika chuo nilimweleza kwamba jua halina pua. Akacheka, akaniuliza kama huko chuoni kuna mtu aliyewahi kukaa kulisikiliza siku nzima, nikasema sidhani, akasema basi wasubiri. Kila likizo nilimpelekea madaftari na kalamu nyekundu, zile zinazobaki baada ya kusahihisha mitihani. Kitabu cha kazi kilitaka saa za tarakimu nne, saa sita na nusu mchana iandikwe 1230. Daftari la chafya aliliandika kwa saa zetu, 6:30. Kitabu kile ni cha wakubwa, alisema, lakini jua ni la kwetu.

Niseme mapema kwamba mimi ni mtu wa hasira. Wanafunzi wangu wanajua, walimu wenzangu wanajua, na wanaume wawili walioanza kunichumbia wanajua zaidi. Hasira yangu haipigi kelele. Inakaa, inakusanya ushahidi.

Mama alikuwa na pumu. Wakati wa kiangazi alikuwa anaacha shamba letu kijijini Kemambo na kwenda kukaa na baba kituoni wiki mbili tatu, na watu wa kule walimpenda kwa sababu alipika vizuri kuliko mpishi wao. Siku ile, miaka michache iliyopita, watu wote wa kituo walikuwa wameondoka na gari asubuhi kwenda Mugumu kuchukua mahitaji. Walibaki wawili, baba na mama. Asubuhi mama alifua. Ilipofika saa sita na nusu mchana kifua kikambana, na ile pampu yake ya kuvuta ikatoa hewa tupu. Alikuwa nayo moja tu.

Baba alikwenda redioni kumwita dereva. Aliyoyasema siku ya mazishi, mbele ya watu wote, ndiyo aliyoyasema baadaye kwa kila aliyemuuliza, bila kuongeza wala kupunguza. Alisema alipokamata kipaza sauti ilikuwa saa sita na dakika arobaini na mbili kwa saa ya ukutani, na kabla hajalitaja jina la gari mvumo wa redio ukavimba, ukapanda kuliko alivyowahi kuusikia, ukapita. Halafu redio ikanyamaza. Aliita kwenye kimya hicho. Alibadilisha masafa, akaita. Alitoka akamtazama mama, akarudi, akaita. Hakupanda kilima kwa sababu mama angebaki peke yake, na kwa sababu alilijua jua lake: mafua yake hayazidi robo saa, au nusu. Siku hiyo yalizidi saa nzima. Mama alifariki kabla ya saa nane, ameshika ukingo wa kitanda, na baba hakurudi tena redioni. Gari lilirudi saa tisa likiwa limebeba unga na mafuta ya taa.

Dereva alikuwa mtu wa watu, asiye na doa. Alisema redio ya gari ilikuwa wazi tangu walipoondoka hadi waliporudi, na hakuna aliyemwita. Alilia alipokuwa anasema. Kesho yake fundi aliletwa akaipima redio ya mezani, akasema ni nzima, haina ugonjwa wowote.

Sasa hesabu ni rahisi, hata mtoto wa kidato cha kwanza anaiweza. Redio ya mezani nzima, redio ya gari nzima, dereva hakuitwa. Kilichobaki ni mtu. Na baba alijulikana kwa usingizi wa mchana. Sisi wenyewe tulimtania kwamba analisikiliza jua akiwa amefumba macho. Wajomba zangu, ndugu za mama, walisema alilala akiwa amejitwanga kinywaji, mkewe akakata roho chumba cha pili, na alipoamka akatafuta wa kumsingizia. Hakumsingizia mtu. Alilisingizia jua.

Niliungana nao. Sikusema kwa sauti kubwa. Nilimwangalia tu baba upande wa pili wa kaburi, naye akanielewa. Kwa kazi yake ya redio alikuwa amezoea kumwelewa mtu asiyesema. Aliacha kazi mwezi huohuo, akarudi Kemambo kulima. Nilikuwa nampelekea sukari na majani ya chai kwa mtu wa bodaboda kutoka Nyamongo, na mwenyewe siendi. Sikukuu zikija nilisema nina mitihani ya kusahihisha. Ukiwa mwalimu, sababu hiyo haiishi mwaka mzima.

Halafu ukaja mwaka ambao kila mtu alikuwa anazungumzia dhoruba za jua. Simu zilijaa picha za anga jekundu la nchi za baridi, na wanafunzi wakaniuliza darasani kama dunia inakwisha. Nikaenda kusoma ili niwajibu.

Nilisoma kwamba juu ya jua kuna madoa, na kwenye madoa nguvu za sumaku zinajisokota hadi zinakatika. Zikikatika, unatokea mlipuko. Mlipuko unarusha elektroni kwa kasi kubwa, na elektroni hizo zikipenya kwenye gesi ya jua zinaifanya itoe mawimbi ya redio, mfumuko wa ghafla unaoanzia masafa ya juu na kushuka kadiri zinavyokwenda mbali ambako gesi ni nyepesi. Mtu mwenye redio ya masafa mafupi huku chini anausikia kama mvumo unaopanda na kupita. Mlipuko huohuo unamwaga eksirei. Zinafika kwetu kwa dakika nane, sawa na mwanga, na upande wa dunia wenye mchana zinanenepesha tabaka la chini la ile anga ya juu ambayo mawimbi mafupi huigonga yakarudi ardhini. Tabaka hilo likinenepa, mawimbi hayarudi. Yanamezwa humohumo. Redio yako nzima, redio ya mwenzako nzima, na hamsikilizani. Nilisoma pia kwamba si kila mfumuko unafuatiwa na kimya, kwa sababu mingine inatoka kwenye milipuko midogo isiyo na eksirei za kutosha.

Chafya, mafua, na chafya kavu. Yote matatu yalikuwa kwenye daftari la mtu wa Kemambo aliyeishia darasa la saba.

Mtu mwingine angepanda bodaboda saa hiyohiyo. Mimi nilijiambia sawa, jambo lipo duniani. Je, lilikuwepo siku ile? Ningependa kusema nilitafuta ili nimsafishe baba. Si kweli. Nilikuwa nimebeba hasira yangu muda mrefu, na mzigo uliobebwa muda mrefu mtu huogopa kuufungua akakuta ndani ni mawe. Nilitaka ushahidi ubaki upande wangu.

Kumbe orodha ipo, iko wazi kwa mtu yeyote. Wataalamu wanaandika kila mlipuko wa jua, tarehe, saa na ukubwa wake. Niliifungua kwenye simu, nimekaa ofisi ya walimu wakati wa mapumziko, na nikaitafuta tarehe ya mama. Ilikuwepo. Siku ile jua lililipuka mlipuko mkubwa, wa daraja la juu kabisa. Kisha nikaangalia saa. 09:42.

Sisi watu wa huku tumezoea kutoa sita. Simu inaandika tisa, mdomo unasema saa tatu. Kengele ya shule imeandikwa 7:30 ubaoni, na mtoto anajua ni saa moja na nusu. Hatufikiri, kama mtu asivyofikiri akimeza mate. Nilitoa sita. Saa tatu na dakika arobaini na mbili asubuhi.

Baba alisema saa sita na dakika arobaini na mbili. Jua lilikuwa limepiga chafya saa tatu nzima kabla.

Hapo ndipo nilipokielewa kila kitu, au ndivyo nilivyodhani. Asubuhi ile alikuwa amesikia chafya kweli, akaiandika. Mchana akalala. Alipoamka na kumkuta mama hapumui, aliichukua chafya ya asubuhi akaivalisha saa ya mchana. Kulala ni udhaifu, binadamu analala. Lakini hii ilikuwa akili, na akili ya kumdanganya mtoto wako juu ya kifo cha mama yake sikuweza kuisamehe. Jumamosi ile nilikwenda Kemambo mwenyewe.

Nilimkuta amekaa kwenye kigoda anapukuchua mahindi. Alikuwa amekonda. Waya wa redio yake ndogo ulikuwa umetandikwa kutoka paa la nyumba hadi kwenye mti wa uani, na redio yenyewe ilikuwa miguuni pake, inavuma taratibu, na daftari juu yake. Nilimwamkia shikamoo tata, kama kwetu tunavyomwita baba, akaitikia marahaba kwa furaha iliyonikera. Alitaka kuinuka anitafutie kiti. Nikamwambia asihangaike, nimekuja kumwonyesha kitu.

Nilimweleza yote, kuanzia madoa ya jua hadi tabaka linalomeza mawimbi, naye alisikiliza na mahindi mkononi, uso unafunguka kidogo kidogo. Nadhani aliamini nimekuja kumwomba radhi. Aliniuliza, taratibu, kama ina maana kuna watu wengine wanaoisikia. Nikamwambia wapo dunia nzima, na wanaandika. Akacheka kicheko kifupi, akajifuta jicho kwa mkono wenye pumba. Ndipo nilipompa simu, nikaweka kidole kwenye ile saa.

"Saa tatu na dakika arobaini na mbili, tata," nikamwambia. "Asubuhi."

Aliitazama simu. Akasema saa tatu mama yangu alikuwa anafua, na yeye alikuwa amekaa mlangoni anamtania, na redio ilikuwa inasema vizuri tu. Nikamwambia dunia nzima imeandika saa tatu na yeye peke yake ameandika saa sita, achague nani kakosea. Akaisogeza simu karibu na macho.

"Lakini dakika ni zilezile, mwalimu," akasema. "Arobaini na mbili na arobaini na mbili."

Nilimjibu kwamba uongo mzuri haukosi kipande cha kweli ndani yake. Nakumbuka nilivyolisema, nilikuwa nimeliandaa njiani, juu ya pikipiki, nikalipenda.

Hakukasirika. Laiti angekasirika. Aliweka chini gunzi alilokuwa nalo, akachukua jingine, akaanza kulipukuchua, akaacha. Nilimwona anairudia siku ile kichwani mwake, anapita chumba kwa chumba, anaitafuta saa ya ukutani. Baba aliyaamini maandishi. Alikuwa mtu wa kitabu cha kazi. Kilichoandikwa ndicho kilichotokea.

"Basi, mwalimu," akasema. "Kama dunia yote imeandika, nitakuwa nililala."

Nilichukua simu yangu nikaondoka. Njiani kurudi Nyamongo nilijisikia mwepesi. Naliandika hili kwa sababu ni kweli, na kwa sababu nimeshindwa kulisema kwa mtu yeyote.

Aliishi miezi minane baada ya hapo. Shangazi, dada yake wa pekee aliyekaa nyumba ya jirani, aliniambia kwamba tangu siku ile kaka yake alibadilika. Alianza kuwaambia watu. Mtu akija kumsalimia, bila kuulizwa, alisema mke wake alikufa kwa sababu yeye alilala. Alikwenda hadi kwa wajomba zangu, kwa miguu, akasimama uani kwao akawaambia walikuwa na haki, na akaomba radhi. Walimpa kiti na uji, walikuwa wameshazeeka na hasira yao imepoa. Kisha presha ikampata shambani asubuhi moja, na hakuamka.

Siku ya kumzika niliona waya wa antena umeshushwa kwenye paa. Ulikuwa umefungwa chini, kati ya nguzo mbili, na juu yake zimeanikwa nguo.

Sikulia. Nilijiambia alikufa ametubu, na kwamba kuna watoto wengi wasiopewa hata hilo. Shangazi alinikabidhi redio ndogo na mfuko wa madaftari, akasema ni vyangu, maana nani mwingine kijijini ana shida navyo. Niliviweka juu ya kabati nyumbani kwangu Turwa, nikaendelea na kazi.

Miezi ikapita. Siku moja ya Jumamosi umeme ulikatika nikiwa nasahihisha, na nyumba ikawa na ukimya ambao sikuupenda. Nikaishusha redio ya baba, nikatia betri, nikafunga kipande cha waya dirishani. Kulikuwa na stesheni ya lugha nisiyoijua, mwanamke anaimba, na nyuma yake upepo. Niliendelea kusahihisha. Baada ya muda upepo ukaanza kuvimba.

Nilijua mara moja. Hakuna aliyekuwa amenieleza vizuri kuliko yeye: mvua juu ya mabati ya jirani. Ilipanda hadi ikamfunika yule mwanamke, ikakaa, ikapita. Halafu yule mwanamke akaanza kwenda mbali, mbali zaidi, akaisha. Redio ikanyamaza na taa yake ndogo inawaka. Nilisimama katikati ya chumba na kalamu nyekundu mkononi, nikajisikia nasema pole, mura, na hapo ndipo nilipolia kwa ajili ya baba yangu kwa mara ya kwanza.

Nilichukua daftari lake la mwisho, nikafungua ukurasa mtupu, nikaandika alivyokuwa anaandika: Chafya, yenye mafua, saa 5:17. Nilikuwa nimeitazama saa ya ukutani na ya simu, zote mbili.

Jumatatu, mapumziko ya saa nne, nilifungua ile orodha. Nilitaka kuiona chafya yangu. Mlipuko wa Jumamosi ulikuwepo, mkubwa. 08:17. Nikatoa sita. Saa mbili na dakika kumi na saba asubuhi.

Saa mbili Jumamosi nilikuwa kwenye foleni ya maji na ndoo yangu. Sikuwa hata nyumbani.

Kitu cha kwanza nilichohisi ni hasira, kama kawaida yangu: hawa watu wa orodha wamekosea. Mimi nimesikia kwa masikio yangu, nimeandika kwa mkono wangu. Nikazitazama tena zile tarakimu. Kumi na saba na kumi na saba. Dakika ni zilezile, mwalimu. Nilianza kupandisha ukurasa kwa kidole, juu, juu zaidi, hadi kwenye kichwa cha orodha, ambapo kuna maandishi madogo ambayo sikuwa nimeyasoma. Yalisema saa zote zimeandikwa kwa saa za Greenwich.

Tuko saa tatu mbele ya Greenwich. Mwalimu wa jiografia, ambaye meza yake inagusana na yangu, huwafundisha hilo watoto, na mimi mwenyewe nililijibu vizuri swali hilo kwenye mtihani nikiwa na miaka kumi na sita. 08:17 ya Greenwich ni saa tano na dakika kumi na saba ya Tarime. Na 09:42 ni saa sita na dakika arobaini na mbili mchana, jua utosini, kwenye kituo kidogo upande wa Serengeti, mtu amekamata kipaza sauti na mkewe anahema chumba cha pili. Nilikuwa nimetoa sita, nikaridhika, nikasahau kujumlisha tatu.

Hakulala. Aliita zaidi ya saa nzima kwenye redio nzima, akiwaita watu ambao redio yao ilikuwa nzima, na jua lilikuwa limeimeza sauti yake njiani. Sijui kama mama angepona endapo dereva angesikia. Mugumu ni mbali na barabara ile ni mbovu. Sijui kama angepanda kilima ingesaidia. Hayo alikwenda nayo mwenyewe. Ninachojua ni kwamba alikuwa macho, na mimi nilimshawishi kwamba alilala.

Niliomba ruhusa, nikarudi nyumbani. Niliushusha mfuko wa madaftari nikatafuta lile la mwaka wa mama. Nilitaka tu kuiona ile saa kwa mwandiko wake, 6:42, nijue iko mahali fulani imeandikwa sawa.

Ukurasa niliupata. Tarehe ipo, na maneno yapo kwa kalamu ya bluu, mwandiko wa siku ile, umekwaruzwa na haraka: Chafya kubwa kuliko zote. Mafua makali. Naita, hakuna. Na mbele yake saa, 6:42. Lakini saa ilikuwa imekatwa. Alikuwa ameipitishia mstari mmoja kwa kalamu nyekundu, moja ya zile nilizokuwa nampelekea, mstari ulionyooka kwa rula. Juu yake ameandika 3:42. Na pembeni, kwa herufi ndogo za mtu mzima anayejitahidi: Nilikuwa nimelala. Mwalimu amesahihisha.

Nilikaa na ukurasa ule hadi watoto wa shule wakaanza kupita dirishani wakirudi makwao. Wino mwekundu haufutiki, najua kuliko mtu yeyote. Mwishowe nilichukua kalamu yangu, nikaacha mstari wake ulivyo, na kando ya ile 6:42 iliyokatwa nikaweka alama ya vema. Vema moja, kama ninazoziweka kila siku.

Daftari la mwanafunzi ukishalisahihisha unamrudishia mwenyewe. Hili bado liko mezani kwangu.